Fluke 87V kwenye kazi moja: kupima na kurekebisha sensa ya throto

Tathmini hii inaitazama multimita ya Fluke 87V (mita ya kupimia volti, ampea na omu) kwa kazi moja tu, yaani kupima na kurekebisha sensa inayoiarifu kompyuta ya injini kwamba kilango cha hewa kwenye throto kimefunguka kiasi gani. Kazi hiyo hufanyika kwenye umeme usiozidi volti 5, haihitaji nguvu, na kwa mtazamo wa haraka mita yoyote yenye kioo cha tarakimu ingeiweza. Hata hivyo ni kazi inayozitenganisha mita upesi kuliko nyingine nyingi za chini ya boneti, kwa sababu sensa hii ikichakaa haitoi namba mbaya muda wote. Hutoa namba nzuri karibu safari nzima ya kilango, kisha hukatika kwa milisekunde chache kilango kinapopita mahali palipolika, na kurudi kwenye namba nzuri kabla mita ya kawaida haijageuza tarakimu zake. Kwa hiyo usahihi wa mita hii, ambao hauna ubishi, haukunishughulisha sana. Nilichotaka kujua ni kama inaweza kukiona kilichotokea kati ya namba moja na inayofuata.

Sensa ya aina ya zamani, ambayo bado imejaa barabarani, ni potenshiomita: ukanda mwembamba wa kaboni, na kidole cha chuma kinachoteleza juu yake kikizungushwa na ekseli ya kilango. Ukanda hupewa volti 5 upande mmoja na ethi (upande hasi wa umeme) upande wa pili, nacho kidole hutoa volti za kati kulingana na mahali kilipo. Ndiyo maana soketi yake huwa na waya tatu, wa volti 5 za rejea, wa ethi na wa ishara, ingawa zipo zenye waya wa nne kwa ajili ya swichi ya kilango kilichofungwa. Kilango kikiwa kimefungwa, ishara huwa karibu na volti 0.5, na pedeli ikikanyagwa mpaka mwisho huwa karibu na 4.5. Nafasi inayoachwa chini na juu imewekwa kwa makusudi, maana kompyuta huitumia kutambua waya uliokatika au uliogusana na mwingine: ishara ikishuka karibu na sifuri huandikwa kodi ya hitilafu P0122, ikipanda karibu na volti 5 huandikwa P0123, na ikiwa inakatika na kurudi huandikwa P0124. Yenye utata ni P0121, kwani humaanisha kwamba ishara imo ndani ya mipaka lakini haiendani na mambo mengine ambayo kompyuta inayaona, kama vile kiasi cha hewa kinachoingia.

Dereva hutumia saa nyingi zaidi akiwa amekanyaga mafuta kidogo, hivyo kidole hukwangua zaidi sehemu ya mwanzo ya ukanda, kuanzia penye kilango kilichofungwa hadi robo ya safari hivi. Dalili nazo hujitokeza kwenye eneo hilo hilo: gari husita linapoanza kuondoka, hushtukashtuka likiwa kwenye mwendo wa utulivu, injini huzima mguu unapoachia pedeli, na lenye gia otomatiki hubadilisha gia ovyo kwa kuwa giaboksi nayo inaitegemea ishara hiyo. Mara nyingi taa ya injini haiwaki kabisa, na hapo ndipo mwenye gari huanza kununua plagi, koili na pampu ya mafuta kwa zamu, ilhali chanzo ni ukanda wa kaboni usiozidi urefu wa kidole cha mkono.

Kabla ya kuingia kwenye mita yenyewe, ni haki kuizungumzia skana, maana wapo wanaoamini kwamba imeifanya mita isiwe na kazi tena. Skana ndogo inayochomekwa chini ya dashibodi na kuonyesha data kwenye simu ni kifaa kizuri cha kuanzia, na kwa magari yenye mfumo wa OBD-II, yaani mfumo wa gari kujichunguza na kutoa data zake kwa skana, ambao Marekani iliulazimisha kuanzia magari ya mwaka 1996, haikuhitaji kufungua kitu chochote. Lakini nafasi ya throto katika mfumo huo husafirishwa kama namba moja isiyozidi 255, ambayo skana huigeuza kuwa asilimia. Kila hatua ni takriban asilimia 0.39, ambayo kwa sensa ya volti 5 ni sawa na volti 0.02 hivi, inatosha kukuambia kilango kiko wapi, ila hairidhishi unapotaka kuweka volti za kilango kilichofungwa kwa uangalifu. Tatizo kubwa zaidi ni mwendo. Kwenye magari yanayotumia njia za zamani za mawasiliano, hasa ukiiomba skana ikuonyeshe vitu vingi kwa pamoja, namba hufika mara chache tu kwa sekunde, na inayofika ni ile ambayo kompyuta imekwisha kuipokea na kuifanyia kazi, wakati mita iliyounganishwa kwenye waya wa ishara husoma kile kilichotoka kwenye sensa kabla hakijaguswa na yeyote. Niongeze hapa kwa faida ya wanaohangaika bila sababu: skana ikionyesha asilimia 10 au zaidi huku hakuna aliyekanyaga mafuta, huo si ubovu, kwa sababu volti 0.5 kati ya 5 ni asilimia 10.

Mita ya tarakimu ya bei ndogo, ile inayohesabu hadi 1999, ina kasoro mbili kwenye kazi hii. Ya kwanza ni kwamba ngazi yake ya volti 2 haifiki volti 4.5, hivyo unalazimika kutumia ngazi ya volti 20, ambayo husoma kwa hatua ya volti 0.01. Hilo linavumilika. La pili halivumiliki: tarakimu hugeuka mara mbili au tatu tu kwa sekunde, na kila usomaji ni wastani wa kipindi chote kilichopita, kwa hiyo mkatiko wa milisekunde chache humezwa ndani ya wastani huo usionekane. Zile zinazojichagulia ngazi zenyewe zina adha ya ziada, kwani ishara inapovuka mpaka wa ngazi moja kwenda nyingine mita husimama kidogo kutafuta, na fundi asiyeijua mita yake anaweza kulidhania pengo hilo kuwa ni ubovu wa sensa.

Fluke 87V imelitatua jambo hilo kwa namna ambayo sikuitarajia kuisifu, kwa sababu ni jambo dogo la mpangilio wa swichi. Kwenye nafasi ya volti za moja kwa moja (DC), ngazi ya chini kabisa ni ya volti 6, na milivolti zimewekewa nafasi yake peke yake. Ishara ya sensa ya throto, inayozunguka kati ya nusu volti na volti nne na nusu, hukaa ndani ya ngazi hiyo moja tangu mwanzo hadi mwisho, ikisomwa kwa hatua ya milivolti 1, bila mita kurukaruka. Kwenye upimaji wa omu hali si hivyo, kwani hapo kuna ngazi ya omu 600 na ya kilo-omu 6 na kuendelea, na sensa nyingi zina kilo-omu chache kati ya ncha mbili za nje. Kwa hiyo ni lazima kubonyeza kitufe cha RANGE na kuifunga ngazi moja kabla ya kuanza kuzungusha kilango.

Chini ya tarakimu kuna mstari wa vijiti vinavyorefuka na kufupika kulingana na volti, na kwa maoni yangu huo ndio sababu ya kuizungumzia mita hii kwenye kazi hii. Tarakimu hugeuka mara 4 kwa sekunde, lakini mstari huo husasishwa mara 40. Ukifungua kilango polepole kwa mkono, mstari unapaswa kurefuka kwa utulivu kama unavutwa. Ukifika mahali palipolika hutetemeka, au hufupika ghafla na kurudi, na jicho hulikamata jambo hilo bila kulitafuta. Tarakimu wakati huo zimeendelea kupanda bila wasiwasi wowote. Mwenye kuzifahamu mita za mshale ataona mara moja kwamba ni kazi ile ile ya mshale, isipokuwa mstari huu haupitilizi na kurudi kama mshale unavyofanya kwa uzito wake.

Mstari una upungufu wake nao. Una vijiti 33 kwa ngazi nzima, kwa hiyo katika ngazi ya volti 6 kila kijiti kinabeba volti 0.18 hivi, na mshuko mdogo kuliko huo unaweza kupita bila kijiti hata kimoja kuzimika. Mshale mzuri haungeuficha mshuko wa namna hiyo. Sitaki kuficha kwamba mita ya mshale yenye ubora wa kutosha bado inaishinda 87V katika kuonyesha mtikisiko mdogo kwa jicho, mradi iwe ya omu 20,000 kwa kila volti, namba ambayo ikiwa kubwa mita huuelemea kidogo zaidi waya inaoupima. Mita hafifu ya omu 2,000 kwa volti, ikiwekwa kwenye ngazi ya volti 10, inakuwa mzigo wa kilo-omu 20 tu kwenye waya wa ishara, na kwa sensa ya kilo-omu 5 inatosha kuishusha ishara ya katikati kutoka volti 2.5 hadi 2.35. Hapo mita inabadilisha kile inachokipima. Fluke, kwa upinzani wake wa mega-omu 10, haiishushi ishara hiyo hata milivolti moja, na kompyuta ya gari haiwezi kujua kwamba imeunganishwa.

Pale ambapo mstari wa vijiti unaishia, hali ya MIN MAX inaanzia, na hasa ile sehemu yake ya vilele ambayo hukamata mabadiliko yanayodumu mikrosekunde 250. Kanuni yake ni nyepesi: mita hukumbuka volti ya juu kabisa na ya chini kabisa iliyopita, na hupiga mlio kila inapopata mpya. Mlio huo ni msaada mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye karatasi ya maelezo, kwa sababu mikono na macho huwa kwenye throto, na mita mara nyingi imelala juu ya betri ikitazama upande mwingine. Ukianza na kilango kilichofungwa kwenye volti 0.52 na ukakifungua hadi mwisho, kisha ukakuta kiwango cha chini kilichoandikwa ni 0.03, basi ishara ilikatika mahali fulani njiani, hata kama hakuna aliyeona.

Lakini njia hiyo kama inavyoelezwa na wengi ina shimo. Mkatiko unaoishusha ishara kutoka volti 1.8 hadi 1.1 hauwezi kuonekana, kwa kuwa 1.1 bado ni juu ya 0.52 iliyokwisha kuandikwa mwanzoni kama kiwango cha chini. Dawa yake ni kuanza kurekodi kilango kikiwa tayari kimefunguliwa kidogo, kwenye volti 1.5 kwa mfano, kisha kukifungua polepole bila kukirudisha nyuma hata kidogo. Mlio wowote wa kiwango kipya cha chini katika safari hiyo ni ushahidi. Unarudia kwa kuanzia 0.8, kisha 1.1, ukikata safari vipande vipande na kukazia robo ya kwanza. Hakuna skana ya kawaida inayoweza kukupa hilo. Kazi hiyo lazima ifanywe injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko kwenye ON, kwa sababu hali ya vilele hukamata pia kelele za umeme za koili na oltaneta, na injini ikinguruma utapata viwango vya ajabu ambavyo havina uhusiano na sensa. Usahihi wa hali hiyo pia ni mdogo kuliko wa usomaji wa kawaida, hivyo haifai kutumika wakati wa kuweka volti. Ni ya kuwinda mikatiko tu.

Kuhusu utaratibu wa upimaji, mita nzuri haiwezi kumwokoa anayeanza na waya wa ishara. Waya wa kwanza ni wa rejea, ambao unapaswa kuwa na volti 5, ukipungua au kuzidi kwa sehemu ya kumi moja ya volti tu. Ikiwa hazipo, kosa liko kwenye nyaya, kwenye kompyuta, au kwenye sensa nyingine inayogawana volti hizo na kuzivuta chini. Unaofuata ni wa ethi, unaopimwa kwa kuweka ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa sensa na nyingine kwenye ncha hasi ya betri. Kinachotarajiwa ni milivolti chache, na kikizidi volti 0.1 kuna kutu au kiungo kilicholegea, na volti hizo zitajumlishwa kwenye ishara na kumfanya mtu aizungushe sensa isiyo na hatia. Hapa ule usomaji wa milivolti wa 87V unatoa manufaa halisi, kwa sababu tofauti kati ya milivolti 20 na 90 kwenye waya wa ethi ni habari, wakati kwenye waya wa ishara tofauti hiyo hiyo ni jambo la kawaida.

Vipimo vyote hivyo hufanywa soketi ikiwa imechomekwa, kwa kupenyeza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, kando ya waya, hadi iguse chuma. Kutoboa ganda la waya ni kukaribisha maji na kutu, na baadaye kutafuta ubovu mpya ulioutengeneza mwenyewe. Kwenye boksi la 87V kuna nyaya za kupimia, vibanio vya mamba na waya wa kupimia joto, lakini pini za kupenyeza nyuma ya soketi hazimo; kwa mita ya hadhi hiyo, inayotumiwa na mafundi wengi wa magari, nimeliona hilo kuwa ni upungufu. Ncha zake za kawaida ni nene mno kwa soketi ndogo za sensa, na anayezilazimisha hupanua vishikio vya ndani na kuacha kiungo kilicholegea.

Usalama wa mita yenyewe uko vizuri. Kosa linaloharibu vitu kwenye kazi hii ni kuacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea, halafu kuugusisha kwenye volti 5 za rejea. Njia ya ampea ni kama waya mtupu, na matokeo yake ni kuziunganisha volti za rejea na ethi moja kwa moja. Fluke hulia ikiona waya umo kwenye tundu la ampea huku swichi ikiwa kwenye volti. Viwango vya kinga vya volti 1000 vilivyoandikwa juu yake havina maana yoyote kwa sensa ya volti 5, ingawa mwenye kufanya kazi pia kwenye magari ya haibridi atavithamini kwa sababu nyingine.

Urekebishaji ndio sehemu inayodai subira kuliko ustadi. Sensa inayorekebishika huwa imeshikwa na skrubu mbili zilizopita kwenye matundu marefu, ili mwili wake uweze kuzungushwa kidogo juu ya ekseli. Unazilegeza kiasi cha sensa kusogea kwa kusukumwa na kidole gumba, unaizungusha huku ukisoma volti za kilango kilichofungwa, kisha unakaza. Na hapo ndipo wengi wanapochoka, maana skrubu ya pili inapokazwa mwili wa sensa hujizungusha kufuata bisibisi na kuhama kwa milivolti 20 au 30. Njia inayofanya kazi ni kukaza kila skrubu kidogo kidogo kwa zamu huku macho yakiwa kwenye tarakimu, kisha kufungua kilango na kukiachia kirudi chenyewe kwa springi yake, kwa sababu volti za kilango kilichorudishwa kwa mkono si lazima zilingane na za kilango kilichorudi chenyewe. Kwa hatua hii tarakimu zinazogeuka mara 4 kwa sekunde zinatosha kabisa. Mita ina pia hali ya tarakimu nyingi zaidi, inayofika 19,999, lakini humo tarakimu hugeuka mara moja tu kwa sekunde, na kuitumia hapa ni kujitesa.

Skrubu inayozuia kilango kisifunge kupita kiasi haipaswi kuguswa katika kutafuta volti. Imewekwa kiwandani ili kilango kisiume kwenye ukuta wa throto, na anayeizungusha hubadilisha kiasi cha hewa kinachopita kilango kikiwa kimefungwa. Atapata volti anazozitaka na injini isiyotulia. Vivyo hivyo kilango chenye masizi kisafishwe kwanza kabla ya kupimwa, kwa sababu masizi yanaweza kukizuia kisifunge kwenye nafasi yake, na volti zitakazosomwa zitakuwa za masizi.

Namba ya kulenga hutoka kwenye kitabu cha gari husika. Kwenye injini za V8 za Chevrolet za miaka ya 1980 zenye mfumo wa Tuned Port Injection, kwa mfano, namba inayotajwa ni volti 0.54, na hapo usahihi wa mita una kazi ya kufanya. Upande wa Ford, wamiliki wa Mustang za lita 5.0 za miaka hiyo wana imani ya muda mrefu kwamba kilango kilichofungwa lazima kisomeke volti 0.98 au 0.99, na wapo wanaopoteza jioni nzima kuifukuza tarakimu ya pili, ilhali EEC-IV, kompyuta ya injini ya magari hayo, huichukua volti ya chini kabisa inayoiona na kuihesabu kuwa ndiyo kilango kilichofungwa. Kwa gari la aina hiyo, mita yenye usahihi wa asilimia 0.05 haikupi chochote ambacho mita ya kawaida isingekupa. Injini nyingi za zamani za Toyota nazo zina njia yao, ambayo haitumii volti kabisa: ni zile zenye swichi ya kilango kilichofungwa ndani ya sensa, ambapo fila geji (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya unene fulani huingizwa kati ya skrubu ya kuzuia na mkono wa kilango, na swichi inapaswa kuwa imeungana, ikibadilishwa kwa fila nene zaidi, inapaswa kuwa imekatika. Kwa kazi hiyo kinachohitajika ni mlio wa muunganiko tu, na mlio wa 87V ni wa haraka na wa wazi, lakini mita yoyote yenye mlio inaiweza.

Baada ya kurekebisha, magari mengi huhitaji kumbukumbu ya kompyuta ifutwe, kwa skana au kwa kutoa waya wa betri kwa muda, ili kompyuta ijifunze upya nafasi ya kilango kilichofungwa. Hapo skana inarudi kwenye heshima yake.

Hayo yote ni ya throto inayovutwa kwa waya wa eksileta. Kwenye throto ya kielektroniki, ambayo hufunguliwa na mota, hakuna cha kurekebisha. Sensa imefungwa ndani ya throto na skrubu za kuzungushia hazipo. Huko kuna ishara mbili zinazokaguana, na zikitofautiana kompyuta huandika P2135 na kulipunguzia gari nguvu. Nyingi za kisasa hazina hata ukanda wa kaboni, zinatumia sumaku na kipande cha Hall, yaani kipande cha kielektroniki kinachohisi sumaku bila kuigusa, na kuzipima kwa omu hakuna maana yoyote. Mita hii inasoma ishara moja kwa wakati mmoja, na hapo udhaifu wake unaonekana, maana kinachotafutwa ni tofauti kati ya ishara mbili zinazotembea pamoja. Kuna namna ya kulizunguka hilo kwa throto ambazo ishara moja hupanda huku nyingine ikishuka na jumla yake ni volti 5: unapima ya kwanza dhidi ya ethi, kisha ya pili dhidi ya volti 5 za rejea, kilango kikiwa mahali pale pale, na namba mbili zinapaswa kufanana. Kilango chenyewe kifunguliwe kwa pedeli au kwa amri ya skana, kamwe si kwa kidole wakati ufunguo uko kwenye ON, kwani mota inaweza kukifunga kwa nguvu. Lakini mkatiko wa ghafla kwenye ishara mbili hutazamwa vizuri kwa osiloskopu ya njia mbili, yaani kifaa kinachochora ishara mbili kwa pamoja kwenye kioo, na mwenye kushughulika zaidi na magari ya aina hiyo angefaidika zaidi kwa kuitafuta hiyo kuliko 87V.

Kwa karakana inayopokea magari ya miaka ya 1990 na mapema miaka ya 2000, ningeichagua 87V bila kusita kwa ajili ya mstari wa vijiti na kumbukumbu ya vilele. Ndugu yake, Fluke 88V, imetengenezwa kwa ajili ya magari na hupima pia mizunguko ya injini na muda wa kufunguka kwa injekta, hivyo anayeanza upya aiangalie hiyo kwanza. Mwenye gari moja anayetaka kujua tu kama sensa yake imelika haihitaji yoyote kati ya hizo mbili: mita ya mshale ya omu 20,000 kwa volti, pini nyembamba za kupenyeza nyuma ya soketi, na mkono unaoweza kukifungua kilango polepole bila kutetemeka vitampa jibu lile lile kwenye robo ya kwanza ya safari. Na akinunua Fluke, pini hizo bado atalazimika kuzinunua kando.